Saa Yangu Nyeusi Imekula Maji ya Stumai

Makanya, Same
Agosti 1993

Mpendwa mshauri, Bi Mwamvita,

Naomba msaada, lakini kabla ya msaada nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa kuwa sijui umri wako, kama umenizidi pokea shikamoo yangu, na kama nimekuzidi basi hujambo. Nilisoma katika ukurasa wako mwezi uliopita kwamba goti lilikusumbua hata ukachelewa kujibu barua za watu. Je, limepoa? Mama yangu mzazi alikuwa na goti la namna hiyo, akalikanda kwa maji moto ya chumvi asubuhi na jioni, likatulia, jaribu na wewe. Sisi huku hatujambo, ni vumbi tu la machimbo ya jasi na jua ambalo wewe mwenyewe unalijua kama umewahi kupita njia hii.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, nina mke mmoja, Asnath, na watoto watano, ni Msabato tangu tumboni mwa mama, shule niliishia darasa la nne lakini Biblia nimeisoma yote mara tatu. Nilifanya kazi stesheni ya reli hapa Makanya miaka ishirini na mmoja, kupunga bendera na kuwasha taa za ishara, mpaka mwaka juzi walipotupunguza kazini, sasa nalima. Jina langu naomba usilitaje, andika Mwenye Saa tu, na majina ya wenzangu nimeyageuza ili mtu asiumbuke.

Bi Mwamvita, lazima kwanza nikueleze habari za saa, vinginevyo hutanielewa.

Nina saa saba za mkono za zamani, wasomi wanaziita kronografu, sisi tunaziita saa za mashindano kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kushindanisha magari. Si saa za kawaida. Ndani ya uso wa saa kuna visaa vingine vidogo viwili au vitatu, ukingoni zimezungushwa namba za kupimia mwendo wa gari, na ubavuni kuna vitufe viwili, kimoja ukikibonyeza mshale mrefu mwembamba unaondoka, ukikibonyeza tena unasimama palepale, na cha pili ukikibonyeza unaruka kurudi juu, tak! Mpaka leo nikisikia hiyo tak nafurahi kama mtoto.

Ya kwanza niliipata nikiwa na miaka ishirini na miwili, wakati ule magari ya mashindano yalipokuwa yakipita huku kwetu siku za Pasaka. Mvua ilinyesha, gari moja likakwama korongoni, tukaingia vijana sita kwenye matope mpaka kiunoni tukalitoa, na yule Mzungu msoma ramani, badala ya kutupa peremende kama wenzake, akavua saa mkononi, kioo kimepasuka, mshale umesimama, akanipa mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa mbele. Wenzangu walinicheka, wakasema umepewa maiti. Nikaenda nayo Moshi kwa fundi wa Kihindi, nikakaa mlangoni kwake siku mbili nikitazama vidole vyake, na tangu hapo zikisimama nazifufua mwenyewe, kwa sindano, kibano cha nyusi na mafuta ya cherehani tone moja kwenye ncha ya unyoya wa kuku.

Ya pili niliipata ile miaka ya foleni, unaikumbuka, sabuni ilipokuwa kama dhahabu. Karani wa shamba la mkonge alikuwa na saa ya mashindano aliyoachiwa na bwana wake alipoondoka nchini, akasema ataitoa kwa mche mmoja wa sabuni. Nami nilikuwa nao, tumeupata kwa foleni ya siku nzima. Nilipofika nyumbani Asnath akaniuliza, "Sabuni iko wapi, Baba Godwin?" Nikamwonyesha mkono. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Vizuri. Leta basi hiyo saa nikafulie nepi." Alifua kwa majivu wiki tatu na hakunisemesha mbili kati ya hizo.

Halafu biashara ikafunguliwa, saa za betri za plastiki zikamwagwa sokoni Same kwa mafungu kama nyanya, na watu wakaziona za kutia ufunguo kuwa ni aibu ya umaskini. Mimi nikawa navaa ya plastiki nimeinunua mpya, nakutana na mzee mwenye ya mashindano, nabadilishana naye, yeye anaondoka anachekelea na mimi naondoka nachekelea. Kwa njia hiyo nilipata nne. Nazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, kila moja imefungwa kipande cha kanga na kulazwa juu ya sufi, na kila asubuhi baada ya sala nazitia ufunguo zote moja baada ya nyingine. Sisemi kwa majivuno, lakini watu wametoka huko juu Chome, wameshuka mlima kwa miguu, kuja kuziona tu.

Sasa nije kwenye ndiva. Wewe labda huijui. Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe walilochimba babu zetu, linakusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi tunafungua na maji yanaenda kwa mifereji mashambani kwa zamu. Mfereji wetu sisi ni mdogo, una mashamba manne. La kwanza langu, la pili la Hezroni ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya ndiva nzima, la tatu la Wilbard, la nne na la mwisho la mama mmoja mjane anaitwa Stumai. Siku zetu ni Jumanne na Ijumaa. Ndiva ikijaa inatupa maji kwa muda wa saa mbili tu, basi kila mtu nusu saa.

Zamani hiyo nusu saa ilipimwa kwa kivuli cha jiwe, na siku ya mawingu ilikuwa ni ugomvi, mwaka mmoja Wilbard alimpasua mtu kichwa kwa mpini wa jembe. Mimi ndiye niliyeleta saa, na Bi Mwamvita, hili najivunia hadi leo. Saa yangu ya kwanza ile ya matopeni ina kisaa kidogo upande wa kulia ambacho mshale wake ukizunguka duara moja ni nusu saa kamili. Nikawaambia, si lazima kujua kusoma, nabonyeza hapa, huu mshale mdogo unaondoka juu, ukirudi juu zamu imekwisha, basi. Wakakubali wote. Ikawa sheria ya mfereji wetu, zamu ni duara moja. Miaka sita hakuna aliyeinua jembe juu ya mwenzake. Hezroni husema mbele ya watu, "Binadamu anadanganya, saa ya Baba Godwin haidanganyi."

Mwezi wa nne mwaka huu akaja Sendeu. Huyu ni mfugaji wa huku bondeni, baba yake aliwahi kuwapa maziwa watu wa magari ya mashindano walipopotea, wakamwachia saa, na mzee alipofariki Sendeu aliikuta kwenye mfuko wa ngozi. Akaniletea. Bi Mwamvita, mimi nilikaa chini. Uso mweusi kama usiku, mishale myeupe, mmoja mwekundu, mkanda wa ngozi wenye matundu makubwa kama chujio ili mkono wa dereva upate hewa. Nikamuuliza anataka nini. Akaishika saa yangu ya plastiki, akauliza, "Hii inaimba?"

"Inaimba kila saa."

"Usiku inawaka?"

"Ukibonyeza, inawaka."

"Basi chukua hii ya baba," akasema, "hii ina macho mengi lakini haiimbi."

Jumanne iliyofuata niliivaa kwenda ndiva. Sikuwa na sababu nyingine, sababu ilikuwa waione. Waliiona. Wilbard akanishika mkono akaugeuza huku na huku, Hezroni akasema hii sasa ndiyo saa ya mwenyekiti, tukacheka, nikabonyeza kitufe, mshale mdogo ukaondoka juu, ukazunguka, ukarudi juu, nikapiga mluzi, tukabadilisha zamu kama kawaida. Maji yalipofika kwa Wilbard yakaisha katikati ya duara. Tukasema ni ukame, ndiva haikujaa vizuri. Stumai hakupata hata kikombe.

Ikawa hivyo Jumanne na Ijumaa, wiki tano. Na mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, wakati ambao yakikosa maji yamekwisha.

Wiki ya tatu Stumai alinijia pale mlangoni mwa maji, mbele ya wote, jembe begani, akasema, "Baba Godwin, hiyo saa yako mpya inakula maji yangu."

Wakamcheka. Wilbard akasema, "Mama, saa ina meno?"

Akasema, "Sijui kama ina meno. Najua kwamba kivuli cha huu mti kilikuwa hapa zamani zamu yako ikiisha, sasa kinafika pale."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, nikamwambia, "Mama Stumai, kivuli kinahama na majira. Saa hii imetengenezwa Uswisi, na wewe unaipima kwa mti?" Watu wakacheka tena, naye kwa uchungu akaniita mwizi. Basi kamati ikakaa, sheria ya ndiva ni kwamba ukimtukana mtunza zamu kwenye maji unatoa mbuzi. Akatoa mbuzi. Alikuwa nao wawili. Nyama tulikula sote, mimi pia nilikula.

Nilivyogundua ni hivi. Sabato moja nilikuwa kanisani nayo mkononi, mhubiri alikuwa amepewa nusu saa, nami kwa kujifurahisha nikambonyezea, Asnath akanifinya, sikumjali. Mhubiri akasema amina, saa ya ukutani imetimiza nusu saa kamili, na mshale wangu mdogo haujarudi juu, uko theluthi mbili ya njia. Nikajua imeharibika. Nikainama niitazame vizuri, nikasoma namba zile ndogo za kwenye duara ambazo kwa wiki tano niliziona ni urembo. Zimeandikwa kumi na tano, thelathini, arobaini na tano. Duara la saa hii si nusu saa, ni dakika arobaini na tano. Haikuharibika. Waliimba wimbo wa kufunga ibada, mimi nikaivua saa nikaitia mfukoni.

Nilipaswa kusema siku ile. Sikusema. Jumanne nilivaa ile ya zamani kimya kimya, na maji yakafika hadi kwa Stumai, kwenye mahindi yaliyokwisha kukauka. Watu wakashangilia, wakasema Mungu ametenda, ndiva imejaa, na Hezroni akasema, "Baba Godwin, tuongoze kushukuru." Nikavua kofia nikashukuru. Bi Mwamvita, niliomba sala ile kwa mdomo huu huu.

Mimi nimevuna magunia tisa, sijawahi. Stumai amevuna debe moja la mahindi mepesi kama pamba. Nilimtuma Asnath ampelekee madebe mawili, nikidhani roho itatulia, naye akaja mwenyewe kunishukuru, akapiga magoti mlangoni kwangu, akasema, "Nilikutukana, na wewe ndiye peke yako uliyenikumbuka. Mungu akubariki, baba." Afadhali angenipiga na jembe.

Sasa kuna mambo mawili yananikimbiza. La kwanza, kanisa limenichagua kuwa mzee wa kanisa, nitawekewa mikono Sabato ya mwisho ya mwezi wa tisa, na mchungaji alipotaja sifa zangu alisema, "Ndugu mnayemwamini hata kwa dakika." La pili, kamati inakutana Jumapili ya tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa. Stumai amekata tamaa, anasema atahamia kwa kaka yake Maore, na Hezroni amependekeza zamu yake ya maji nipewe mimi, kwa kuwa ni mwaminifu. Ikishaandikwa kwenye daftari la ndiva, imekwenda, hairudi.

Nikisema ukweli, Hezroni naye alipata maji ya ziada bila kujua, na ni mtu wa hasira. Na wakijua saa imekosea, si watarudi kwenye kivuli cha jiwe na mipini ya majembe? Asnath anayajua yote, anasema saa ni mapambo na zimeniingiza jaribuni, nizitupe korongoni zilikotoka. Nami nikifikiria kuzitupa naumwa kama nimeambiwa nitupe mtoto. Je, niende kimya, nimpe Stumai gunia zima na mbuzi, nikatae ile zamu kwa kisingizio cha umri, na dhambi nibaki nayo mimi na Mungu wangu? Au niseme? Na saa je?

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya tarehe kumi na mbili.

Wako katika Bwana,
Mwenye Saa, Makanya

*

BI MWAMVITA ANAJIBU

Mwenye Saa,

Marahaba. Nina miaka sitini na mmoja, kwa hiyo shikamoo yako nimeipokea. Goti nimelikanda kwa chumvi kama ulivyoniagiza, linaendelea vizuri, mwambie mama yako kama yupo hai kwamba nashukuru. Barua yako nimeipitisha mbele ya barua za watu arobaini waliotangulia, kwa sababu ya tarehe yako, nao wanisamehe.

Kwanza nikupe haki yako. Kumaliza ugomvi wa maji kwa miaka sita, kwa saa mbovu ya kupewa matopeni, kwa watu ambao wengine hawajui kusoma, ni kazi ambayo wakubwa wenye magari na mafaili hawajaiweza. Jivunie. Nami nimejivunia wewe kabla sijageuza ukurasa wa pili.

Sasa ukurasa wa pili. Baba, umeniandikia habari za mkanda wa ngozi na matundu yake, habari za sufi na unyoya wa kuku, mpaka nikaziona hizo saa kwa macho. Mahindi ya Stumai umeyapa sentensi moja. Watoto wake wangapi? Hukusema. Mbuzi aliyebaki ni jike au dume? Hukusema. Mtu anayejua kila msumari wa saa saba na hajui hata hilo la jirani wa shamba la nne, ugonjwa wake naujua, na dawa yake si kutupa saa korongoni.

Unaandika kwamba saa imekosea. Nakukatalia. Saa nyeusi ilisema dakika arobaini na tano na zilikuwa arobaini na tano. Maandishi yalikuwepo. Aliyekosea ni wewe, na kosa lenyewe lilikuwa dogo, la mtu anayependa kuonyesha kitu kizuri, ungelimaliza siku ile ile kwa kucheka na kuomba radhi. Kosa kubwa umelifanya ukiwa unajua: ile Jumanne ya saa ya zamani, ile sala, na kila siku iliyofuata. Hayo hakuna saa iliyoyafanya.

Halafu angalia kitu ambacho naona hujakiangalia. Pale ndiva mlikuwa na saa ya Uswisi, mwenyekiti, na mwanamume wa jembe, na aliyepima sawasawa ni mjane mwenye macho na mti. Mlimcheka, mkamla mbuzi. Na hizo dakika hazikupotea hewani: kumi na tano zilikwenda shambani kwako, kumi na tano zilikwenda kwa Hezroni, ndizo thelathini za Stumai. Magunia yako tisa yana jasho lako, lakini yana maji yake.

Kwa hiyo, hapana, hutakwenda kimya. Ukimpa gunia kwa siri atapiga magoti tena mlangoni kwako, na mara hii utakuwa umemdanganya ukiwa umejipanga. Fanya hivi.

Ukimaliza kusoma gazeti hili, usiende kwa mchungaji wala kwa Hezroni. Nenda kwa Stumai. Nenda na Asnath, maana ni mke mwenye akili na amekuvumilia tangu sabuni. Mwambie, "Ulisema kweli, mimi nilikuwa nimekosea, na nilipojua nikanyamaza." Usimweleze habari za Uswisi. Usimwombe akusamehe palepale ili wewe upumue, mwache akasirike kadiri anavyotaka, akikufukuza ondoka, kesho rudi. Nenda na mbuzi, jike mwenye mimba, si yule aliyekonda unayetaka kumwondoa zizini. Na gunia lipelekwe mchana, kwa punda, watu wakiona.

Kisha nenda kwa Hezroni kabla ya kikao, asije akaumbuka mbele ya watu kwa jambo ambalo hakulijua. Atafoka. Mwache afoke. Akitaka kurudisha dakika zake kumi na tano, vizuri. Akikataa, lipa zote wewe. Ni asubuhi kumi alizokosa Stumai, basi vuli ikianza na yeye amepanda, asubuhi kumi zamu yako iende kwake, na wewe utazame mahindi yako yakisubiri mvua ya Mungu kama yake yalivyosubiri.

Siku ya kikao beba saa zote mbili, ya matopeni na ile nyeusi. Ziweke juu ya jiwe lile lile mlilopimia kivuli. Zibonyeze kwa pamoja, halafu nyamaza. Mkae wote pale mpaka ya zamani irudi juu, waone nyeusi imefika wapi. Usihutubie. Hata asiyejua kusoma ataelewa, na Wilbard ataelewa, na hakuna atakayeinua mpini, kwa sababu watu hawapigani wanapoonyeshwa kitu kwa macho yao, wanapigana wanapofichwa. Hofu yako ya kurudi kwenye kivuli cha jiwe umeitengeneza ili ikufiche. Kwenye daftari la ndiva iandikwe: zamu ya nne ni ya Stumai, kipimo ni nusu saa, na saa ni moja, haibadilishwi kwa uzuri. Na faini ya mbuzi ifutwe, iandikwe kwamba Stumai hakutukana.

Mchungaji mwambie kabla ya Sabato hiyo. Kama watakuwekea mikono au watakuacha usubiri mwaka, si kazi yangu wala yako. Ila nakwambia kama ningekuwa na sauti kanisani kwenu, mzee wa kanisa aliyewahi kusimama mbele ya mjane na saa mbili juu ya jiwe ningemtaka zaidi kuliko yule wa kusifiwa kwa dakika.

Saa zako usizitupe. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si dhambi, na Asnath nadhani anajua hivyo, ana hasira ya sabuni tu, mnunulie mche mzima sasa kwa kuwa zimejaa madukani. Nyeusi ivae siku ya harusi za watoto wako. Kopo libaki, sufi ibaki, watu wa Chome waendelee kushuka. Lakini ile ya matopeni si yako tena. Hiyo ni ya mfereji. Na kuanzia Jumanne inayofuata kikao itakaa mkononi mwa yule wa shamba la mwisho, maana wa mwisho ndiye mwenye sababu ya kuitazama vizuri. Mfundishe kubonyeza. Hata dakika moja haitachukua. Zamu yako ikiisha, yeye ndiye atakayepiga mluzi.

Usisubiri tarehe kumi na mbili ikukute umekaa. Nenda leo, kungali jua. Na mwezi wa pili, mahindi ya vuli yakishavunwa, niandikie. Anza na habari za shamba la nne. Za saa zifuate.

Bi Mwamvita